Timu ina 938, kijana anatakiwa 40: hesabu za masomo katika kikapu cha vyuo vya Marekani

SWALI: Kijana wangu anaondoka Juni kwenda kuchezea chuo kimoja cha Divisheni ya Kwanza huko Marekani, kwa skolashipu kamili. Kocha wake alitupigia akasema timu yao ina APR ya 938 kwa hiyo tusiwe na wasiwasi, na kwamba kijana akumbuke "40, 60, 80". Hapa nyumbani hakuna aliyeelewa. Hizo namba ni za nini? Wenzake wakifeli, yeye anaumia? Na yeye mwenyewe akifeli somo moja, anarudishwa? (Mama wa mchezaji, Morogoro)

JIBU: Mama, hongera kwa safari ya kijana. Kocha amechanganya mambo mawili kwa pumzi moja. Ile 938 ya APR ni kipimo cha masomo cha timu nzima; hizo 40, 60 na 80 ni za kijana wako peke yake. Naanza na za kijana, maana zinaweza kumkalisha benchi hata timu ikiwa salama kabisa. Tena wanaonaswa nazo si lazima wawe wavivu: unamkuta mtu ana wastani wa alama (GPA) wa kujivunia na bado haruhusiwi kuvaa jezi.

Kule masomo huhesabiwa kwa krediti. Kozi ya kawaida ina krediti 3, yaani saa tatu hivi za darasani kwa wiki muhula mzima. Yenye maabara huwa na 4. Shahada nyingi za kwanza hukamilika kwa krediti 120. Vyuo vingi vina mihula miwili, wa Agosti hadi Desemba na wa Januari hadi Mei, halafu kuna masomo ya kiangazi kwa anayeyataka. Alama A ni pointi 4, B 3, C 2, D 1, na F ni sifuri, kwa hiyo GPA ya kule inaishia 4 na si 5 kama ilivyo katika vyuo vyetu vingi. Akikuambia amepata 3.1 usimgombeze.

NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinamtaka mchezaji atimize masharti kadhaa kwa pamoja. Moja likianguka, mengine hayamwokoi. Kila muhula afaulu angalau krediti 6, la sivyo muhula unaofuata hachezi. Kabla ya kuanza mwaka wa pili awe amefaulu krediti 24. Kila mwaka, krediti 18 zipatikane ndani ya ile mihula miwili ya kawaida, ili mtu asikae anacheza tu mwaka mzima kisha aje kujiokoa kiangazi. GPA nayo inapanda ngazi: chuo kikidai 2.0 ili mtu ahitimu, mchezaji awe na 1.8 anapoanza mwaka wa pili, 1.9 wa tatu, na 2.0 kuanzia wa nne. Mwisho ni shahada yenyewe. Anapoanza mwaka wa tatu awe amekamilisha asilimia 40 ya krediti za shahada aliyoichagua, mwaka wa nne asilimia 60, mwaka wa tano asilimia 80. Hizo ndizo namba za kocha. Mwaka wa tano umetajwa kwa sababu mchezaji hupewa miaka mitano ya kalenda kucheza misimu yake.

Juu ya yote hayo, wakati wote wa muhula awe ameandikishwa krediti 12. Akiacha kozi moja katikati ya muhula akabaki na 9, siku hiyohiyo hachezi wala hafanyi mazoezi na timu, hata kama yeye ndiye nyota wao. Msamaha upo kwa aliye kwenye muhula wake wa mwisho kabla ya kuhitimu, na hali chache za namna hiyo.

Sasa chukua kalamu. Krediti 12 kwa muhula ndicho kiwango cha chini, na wachezaji wengi hukishika hichohicho msimu ukiwa umepamba moto. Mihula miwili ni 24. Miaka miwili ni 48. Asilimia 40 ya 120 ni ngapi? 48 kamili. Ukitazama haraka utadhani imepangwa vizuri, lakini hakuna hata shilingi ya chenji. Kijana akifeli kozi moja tu katika zile 16 za miaka miwili, ana 45, ambayo ni asilimia 37.5. Kozi nyingine zote anaweza kuwa na B, GPA iko juu ya 2.8, na bado mwaka wa tatu unaanza akiwa nje ya uwanja. Mbele zaidi ni vilevile: 12 kwa mihula minane ni 96. Miaka minne imekwisha, skolashipu ya miaka minne imekwisha, shahada imebaki moja ya tano.

Kwa hiyo 12 asiichukulie kama mzigo wa kawaida. Kuondoka kwake Juni kunamfaa sana hapa, kwa sababu timu nyingi za kikapu huwaingiza wachezaji wapya kwenye masomo ya kiangazi kabla hata muhula wa kwanza haujaanza. Mpango ulio salama unakwenda hivi: krediti 6 kiangazi hiki, 12 muhula wa Agosti, 15 muhula wa Januari kwa kuwa Aprili msimu umekwisha na anapumua, kisha 6 kiangazi kinachofuata. Jumla 39 kabla ya mwaka wa pili. Akifanya hivyo, kozi moja ikimshinda baadaye ni maumivu tu, si msiba. Kiangazi lakini kina gharama, na si kila ofa inakigharamia. Liulize hilo kabla hajasaini, si mwezi Mei.

Kuna namna krediti zinavyopotea bila mtu kuona, na hapa ndipo ningetaka usome taratibu.

Ya kwanza ni D. Kwa chuo, D ni kufaulu na krediti zinaingia. Lakini idara nyingi, hasa uhandisi, uuguzi na biashara, zinadai angalau C kwenye kozi zao za msingi. Kijana aliyepata D ya hesabu ana krediti 3 kwenye karatasi ya matokeo na sifuri kwenye hesabu ya asilimia 40. Inambidi airudie, na akiirudia, krediti zile zinahesabiwa mara moja tu. Muhula wa marudio una krediti 12 kwa jina, 9 kwa faida.

Ya pili ni alama ya "haijakamilika", ambayo mwalimu humwandikia mwanafunzi aliyebakiza kazi, mara nyingi kwa sababu ya safari za mechi. Inaonekana kama hisani. Mpaka kazi iwasilishwe na alama ibadilishwe, krediti hizo hazipo. Januari, maofisa wanapopitia nani anaruhusiwa kuendelea na msimu, alama mbili za namna hiyo zinaweza kumwacha na 6 tu mkononi, ukingoni kabisa.

Ya tatu inawashtua sana wanaotoka kwetu: kule hakuna sapu. Hapa mtu akianguka anajipanga Septemba, anafanya sapu, yaani mtihani wa marudio, ikishindikana anakeri somo, yaani analibeba mwaka unaofuata. Marekani F ikiingia imeingia. Dawa ni kuisoma kozi nzima upya muhula mwingine. Na alama yenyewe haitokani na mtihani wa mwisho peke yake: kuna maswali ya kila wiki, kazi za nyumbani, mahudhurio, mtihani wa katikati. Aliyezoea kukesha wiki mbili za mwisho na kutoka na B atakuta Desemba imeshaamuliwa tangu Oktoba.

Ya nne ni kubadilisha fani. Miaka miwili ya kwanza krediti zinahesabiwa ilimradi zinaingia kwenye shahada yoyote ya chuo hicho. Kufikia mwanzo wa mwaka wa tatu lazima awe ameitaja shahada yake, na kuanzia hapo ni zile za shahada hiyo tu. Tuseme ana krediti 54 za biashara, anahamia kompyuta, na idara mpya inakubali 41. Krediti 41 kwa 120 ni asilimia 34. Hajafeli kitu, hajakosa darasa hata siku moja, lakini hachezi.

Kuhama chuo kuna shimo hilohilo, na tangu 2024 limekuwa kubwa zaidi, kwa sababu mchezaji sasa anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo, mradi masomo yake yametimia. Hiyo "mradi" ndiyo inayosahaulika. Mtu anaondoka na krediti 60, chuo kipya kinapitisha 44 kwenye shahada yao, naye yuko chini ya 48. Kijana akifikia siku ya kutaka kuhama, adai tathmini ya maandishi ya krediti zake kutoka chuo kipya kabla ya kusaini popote. Ahadi ya kocha kwenye simu haihamishi krediti.

Kwa sababu ya masharti haya, washauri wa masomo wa timu huwa na kishawishi cha kuwasukumia wachezaji kwenye fani chache zenye kozi zinazoingiliana kirahisi. Utakuta nusu ya timu inasoma kitu kimoja. Si kosa kikanuni, na wapo wanaoipenda kweli fani hiyo, lakini ikiwa kijana alisema anataka uhasibu akaibukia kwingine baada ya wiki mbili, uliza nani alichagua. Mfano mbaya kuliko yote ni wa Chuo Kikuu cha North Carolina. Ripoti ya 2014 ilionyesha kwamba kwa miaka 18 kulikuwa na kozi za karatasi tu, hazina vipindi, zilizopitiwa na wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wanamichezo. Mwaka 2017 NCAA ikasema haiwezi kuadhibu, kwa kuwa kozi hizo zilikuwa wazi kwa wanafunzi wote. Waliozipitia walitimiza namba. Walichojifunza ni suala lingine.

Na asiandikiwe kazi na mtu, hata mkufunzi wa timu aliyelipwa kumsaidia. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Syracuse kiliadhibiwa kwa mambo kadhaa, mojawapo likiwa wafanyakazi wa idara ya kikapu kuhusika na insha iliyowasilishwa ili kumrudishia mchezaji mmoja ruhusa ya kucheza. Mkufunzi anaruhusiwa kueleza, kuuliza, kuonyesha sentensi isiyoeleweka. Akishika kibodi yeye, wameshavuka mstari.

Tuje kwenye swali la kurudishwa. Kwa kufeli somo moja, hapana. Lakini elewa kwamba kuna milango mitatu na kila mmoja una funguo zake. NCAA inaamua kama anacheza. Chuo kinaamua kama anaendelea kuwa mwanafunzi. Kwa kawaida GPA ikishuka chini ya 2.0 anapewa onyo na muhula wa kujirekebisha, asipojirekebisha ndipo anasimamishwa, kile ambacho vijana wetu hukiita kudisko. Uhamiaji nao unaangalia viza yake ya mwanafunzi, F-1, na haujali kabisa alifunga pointi ngapi. Mtu anaweza kufungiwa kucheza na viza ikawa salama. Anaweza pia kuruhusiwa na NCAA huku viza imeharibika, na hili la pili ndilo baya zaidi kwa mgeni.

Viza ya F-1 inamtaka awe mwanafunzi wa muda wote, krediti 12 kila muhula wa kawaida, na asishuke chini ya hapo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa iliyotolewa kabla, si baada. Mtego uko kwenye kozi za mtandaoni. Wachezaji wa Kimarekani huzipenda kwa sababu ya safari, na mshauri wa timu aliyezoea Wamarekani anaweza kumwandikia kijana wako mbili au tatu bila kufikiri. Kwa mwenye F-1, kozi moja tu ya mtandaoni, krediti 3, ndiyo inayohesabika kwenye zile 12 katika muhula. Akiandikishwa 12, sita zikiwa za mtandaoni, kwa uhamiaji ana 9, na hapo anaweza kupoteza hadhi yake ya uanafunzi bila kufeli chochote. Kila ratiba yake ya muhula ipite ofisi mbili: ya wanamichezo na ya wanafunzi wa kimataifa. Ofisi hizo mara nyingi hazizungumzi, kwa hiyo mjumbe ni yeye.

Skolashipu ni jambo la pembeni lakini linauma. Mchezaji akijiondolea mwenyewe sifa ya kucheza, kanuni zinakiruhusu chuo kukata msaada wa michezo. Si vyuo vyote hufanya hivyo, wengine humvumilia muhula mmoja. Ila akikatiwa, ada ya mwanafunzi wa kigeni inabaki mezani, na aliyeshindwa kuilipa hawezi kujiandikisha, na asiyejiandikisha hana viza. Hiyo ndiyo njia halisi ambayo somo moja, likifuatwa na jingine, humfikisha mtu uwanja wa ndege.

Sasa ile 938. APR ni kipimo cha maendeleo ya masomo ya timu, kilichoanza kukusanywa msimu wa 2003-04. Kila mchezaji mwenye skolashipu anaweza kuipatia timu pointi mbili kila muhula: moja kwa kubaki na sifa ya kucheza kimasomo, nyingine kwa kubaki chuoni au kuhitimu. Pointi zilizopatikana zinagawanywa kwa zilizowezekana, zinazidishwa kwa 1,000, na wastani huchukuliwa wa miaka minne. Chini ya 930 timu haiingii mashindano ya baada ya msimu, yakiwemo yale makubwa ya Machi. Zipo na adhabu za kupanda: kwanza saa nne za mazoezi zinakatwa kati ya 20 zinazoruhusiwa kwa wiki na siku moja inaondolewa, muda huo uwe wa masomo; kisha mechi zinapunguzwa; mwisho kocha kusimamishwa au skolashipu kukatwa. Wakati wa korona adhabu zilisimamishwa kwa muda, alama zikaendelea kukusanywa.

Je, 938 ni ya kutoa wasiwasi? Tufanye hesabu kwa timu ya wachezaji 13 wenye skolashipu, idadi iliyozoeleka kwa miaka mingi kwa wanaume. (Tangu 2025 vyuo vilivyoingia kwenye utaratibu mpya vinaweza kuwa na 15.) Wachezaji 13, mihula miwili, pointi mbili: 52 kwa mwaka, 208 kwa miaka minne. Timu yenye 938 imepata 195, yaani imepoteza 13. Ikipoteza ya 14 inakuwa 933. Ya 15, ni 928 na mashindano hakuna. Mchezaji mmoja anayeondoka Mei akiwa amefeli hupoteza pointi zote mbili za muhula kwa mkupuo. Kwa hiyo kati ya 938 na kufungiwa kuna mtu mmoja.

Lakini dirisha la miaka minne linasogea, na hapo ndipo kuna kitu cha kumuuliza kocha. Mwaka mpya ukiingia, wa zamani kuliko yote unatoka. Tuseme miaka minne ya timu hiyo ilikuwa 52, 47, 48 na 48. Jumla ni 195. Msimu ujao ile 52, mwaka wao bora, inadondoka. Inabaki 143, na ili wafike 194, idadi ndogo kabisa inayowavusha 930, wanahitaji 51 kati ya 52. Wakipoteza pointi mbili wamekwisha. Geuza mpangilio, mwaka wa kwanza uwe ule wa 47: unaodondoka ni mbaya, inabaki 148, na wanahitaji 46 tu, wana nafasi ya kupoteza sita. Timu mbili zina 938 ileile, moja iko ukingoni, nyingine inapanda. Namba ya jumla peke yake haikwambii lolote. Omba ya kila mwaka.

Wenzake wakifeli anaumia? Anaumia, tena zaidi kwa makosa ya watu ambao hatakutana nao. Takwimu hukamilika baada ya mwaka wa masomo kwisha, adhabu huja baadaye. Tazama Connecticut, chuo alichochezea Hasheem Thabeet wetu kabla ya kuchaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, yaani uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NBA. Msimu wa 2009-10, yeye akiwa ameshaondoka, timu ilipata alama 826 tu. Mwaka uliofuata ilipata 978 na ikatwaa ubingwa wa taifa. Hiyo 978 haikutosha kufuta shimo. Rufaa zikakataliwa, na mashindano ya 2013 walifungiwa, wakati ambapo wengi waliosababisha ile 826 hawakuwepo tena. Mchezaji Shabazz Napier na waliobaki wakayakosa mashindano hayo, kisha 2014 wakarudi na kutwaa ubingwa. Adhabu ile ililipwa na wengine kabisa.

Watu husema timu hupoteza pointi kwa sababu vijana wanawahi NBA. Si kweli sana. Anayeondoka kucheza kulipwa huku masomo yake yametimia, timu haipunguziwi kwa ile pointi ya kubaki chuoni. Hasara hutokea kwa namna nyingine: Machi timu imetolewa, kijana ameamua anaenda drafti au anahama, ana mawakala kwenye simu, na anaacha kuingia darasani wiki sita za mwisho. Mei ana F nne. Hapo timu inapoteza mbili kwa mkupuo, na yeye kama anahama chuo kipya hakiwezi kumchezesha kwa sababu hakufikisha hata zile krediti 6. Ni wiki sita tu. Ningekuwa na nafasi ya kumwambia kijana wako jambo moja, ningemwambia Aprili ndiyo msimu wake wa pili. Heri pia ujue kwamba aliyeondoka akarudi miaka baadaye kumaliza shahada, timu hupewa pointi ya nyongeza, ndiyo maana utaona baadhi ya vyuo vinawaita wachezaji wa zamani na kuwalipia mihula iliyobaki.

Kwa maana hiyo, alama ya timu inakueleza kitu kuhusu maisha ya kijana pale. Timu yenye 990 kawaida ina washauri wa kutosha, na pia hakuna anayehangaika sana na pointi yake moja. Timu yenye 935 itamfuatilia hatua kwa hatua: mtu wa kuhakiki kama yuko darasani, saa za lazima za kujisomea jioni, simu asubuhi. Kwa mgeni wa mwaka wa kwanza mimi sioni ubaya wa hiyo ya pili, mradi wanaomfuatilia wanataka ahitimu na si afikishe 6 tu.

Kocha akipiga tena, muulize alama za mwaka mmoja mmoja kwa miaka minne, kiangazi kinalipiwa kwa krediti ngapi, na mshauri wa masomo wa timu ni nani. Uliza pia kama kwenye safari za mechi husafiri na mtu wa masomo. Msimu unaanza Novemba mwanzoni na mitihani ya muhula ni Desemba, kwa hiyo mchezaji anaweza kufanya mitihani huku msimu ukiendelea. Chuo kilichojipanga hutuma barua kwa walimu mwanzoni mwa muhula ikitaja tarehe zote za safari, na hupanga mtihani usimamiwe hotelini inapobidi. Kisichojipanga kinamwachia kijana aombe mwenyewe, kwa Kiingereza cha wasiwasi, siku moja kabla.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wazazi wetu hulijua wakiwa wamechelewa. Kwa sheria ya Marekani ya 1974, matokeo ya mwanafunzi wa chuo ni yake. Ukipiga simu kuuliza, ofisi itakukatalia kwa adabu hata kama wewe ni mama yake mzazi. Afike, aombe fomu ya ridhaa, aandike jina lako, aisaini. Asipotaka, basi mkubaliane akutumie karatasi mbili mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Desemba na katikati ya Mei: ile ya matokeo, na ile ripoti ya mfumo wa chuo inayoonyesha shahada yake imekamilika kwa kiasi gani. Anaifungua kwenye simu yake kwa dakika moja. Kwenye ya pili usihangaike na majina ya kozi. Tafuta krediti zinazohesabika kwenye shahada, gawanya kwa jumla inayotakiwa, na uone kama Mei ya mwaka wa pili umevuka 40. Ikisoma 38, bado kuna Juni na Julai.